Mvinyo Dukani kwa Bilha

Kompyuta ya kale ilikufa Jumanne, umeme uliporudi kwa hasira.
Bilha Moraa, ghorofa ya pili, Barabara ya Mburu Gichua,
akaifunika kwa leso, kama mtu.

Mashine ya kudarizi haikufa.
Ilibaki na sindano zake sita hewani,
ikingoja kuambiwa.
Mezani sweta sitini za shule moja ya Kiamunyi,
vifua vitupu,
na shule zinafunguliwa Jumatatu.

Alhamisi nikaja na kipakatalishi changu cha mtumba,
kisichojua Madirisha, chenye pengwini mgongoni.
Programu ilikuwa kwenye sidii iliyokwaruzika,
mzaliwa wa tisini na nane,
aliyezoea nyumba moja maisha yake yote.
Nikaibofya. Haikupiga hata hodi.

Nikampigia Ombasa, aliyechora nembo zote.
Siku hizi yuko Molo. Nilisikia jembe likitua.
"Kijana, faili hizo nilizijua. Sasa najua viazi.
Jaribu kuidanganya."

Basi nikaidanganya.
Si kompyuta ndani ya kompyuta, usiogope;
ni mkalimani tu, ameketi kizingitini.
Programu ikiomba jambo kwa lugha ya kwao
yeye hugeuka, akaliomba kwa lugha ya huku,
akarudi na jibu bila kutia chumvi.
Iliuliza: Diski C iko wapi?
Nikaipa folda, nikaibandika jina C. Ikaridhika.
Iliuliza: na mlango wa kwanza, ule wa pini tisa?
Hapo nilikwama hadi saa nane mchana,
maana kipakatalishi hakina mlango huo
wala hakijawahi kuuona.
Nikashuka kwa Chepkwony kununua waya wa kugeuza,
mia tisa, baada ya kulia sana,
nikachora kijia kutoka jina la zamani hadi tundu jipya.

"Na huyo mkalimani anaitwa nani?"
Nikasema ukweli: Mvinyo.
Bilha akaweka mkasi chini.
"Mimi ni Msabato, Kiptoo."
"Ni jina tu, mama."
"Pombe zote huanza kwa jina tu."
Akageukia dirisha, Menengai imejifunika wingu,
akazihesabu sweta tena, kwa midomo.
"Fanya. Ila usilitaje tena humu."

Saa kumi na robo skrini ikawa kijivu,
vitufe vinene kama biskuti vikajipanga,
na kwenye kona ya chini, bila kujua imehama,
programu ikaandika: Karibu tena, Ombasa.

Sindano ikashuka.
Heroe akaanza kwa miguu, uzi wa waridi,
akapanda, akapata shingo, akapata mdomo.
Bilha hakupumua mpaka jicho.
Kisha kaulimbiu, herufi kwa herufi:
BIDII HULIP

Ikasimama. Ikakata uzi. Ikatulia
kama aliyemaliza kazi.

Fonti ya kwao haiko huku, nikaeleza.
Niliyoiazima ni pana, herufi ya mwisho imeangukia nje ya fremu.
Nipe usiku mmoja, nitaitafuta.
"Waya mia tisa," alisema. "Usiku wako bei gani?"
Tayari alikuwa ameulamba uzi.

Basi mashine ikashona ndege,
na sisi tukashona A.
Ijumaa jua lilipotua tukaacha, yeye akafunga duka na Biblia kwapani.
Jumamosi jua lilipotua tukarudi.
Za Bilha huwezi kuzitofautisha na za mashine.
Yangu moja, ya thelathini na kitu, imeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Kuna mtoto Kiamunyi anatembea nayo.